Kipengele cha Saba

Gauni lilikuwa na vifungo kumi na viwili, na matundu yake yote yalishonwa kwa mkono. Jumapili mchana Mama Cherehani alilitundika kwenye msumari wa mlango wa sebuleni, akarudi nyuma hatua mbili ili alione lote kwa mara moja. Halikumuenea machoni. Akarudi hatua nyingine mbili, kisigino kikakumba ndoo, na maji yakasambaa sakafuni hadi chini ya kochi. Mwanawe, ambaye ni kinyozi na mtu wa maneno mengi, safari hii alichukua tambara akapiga magoti bila kusema kitu. Ilikuwa ndoo ya tatu wiki hiyo.

Alipomaliza kukausha ndipo akauliza gauni lile ni la sherehe gani.

"La Jumatano," Mama akasema. "Siendi kupigwa leza nimevaa nguo za jikoni."

Mkwewe alikuwa mezani akichambua mchele. Aliinamisha kichwa, akaanza kuchambua upya mchele ambao tayari ulikuwa safi.

Huyu mkwe, kazini walimwita Mlishaji, na jina likamfuata hadi nyumbani. Alikuwa fundi wa maabara, na kazi yake ilikuwa kulisha seli. Seli za watu, zilizotoka kwenye kipande cha ngozi kisichozidi punje ya mchele, huishi ndani ya visahani vya plastiki katika kabati lenye joto la mwili, na hutaka chakula kila baada ya siku mbili, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Kinyozi alipenda kuwatangazia wateja wake kwamba mkewe hulisha watu wasio na midomo kabla ya kumpikia yeye. Wateja walicheka kwa uangalifu, kwa kuwa wembe ulikuwa shingoni.

Baadhi ya visahani hivyo vilikuwa vya Mama. Mama alikuwa na ugonjwa wa macho wa kurithi, ule unaoua uoni kuanzia pembeni na kusogea katikati taratibu, mwaka hadi mwaka. Alikuwa amebakiwa na duara dogo mbele yake. Ndani ya duara hilo aliona vizuri kuliko wengi, na uzi aliutunga kwenye sindano bila miwani. Nje ya duara hakukuwa na kitu, na huko ndiko zilikokaa ndoo, vizingiti, pembe za meza na watoto wa jirani. Mwaka uliopita Profesa wa maabara alikuwa akitafuta watu wenye ugonjwa huo wakubali kutoa kipande cha ngozi. Mlishaji akamtaja mama mkwe wake, na Mama akakubali kabla hajamaliza kuelezwa.

Fomu ya ridhaa ilikuwa na kurasa tatu. Kurasa tatu kupitia duara lile zingemchosha, kwa hiyo Mlishaji alimsomea, kipengele kwa kipengele, wakiwa wamekaa kwenye kochi hilihili. Alipomaliza cha sita alimtupia jicho. Mama alikuwa akitabasamu peke yake, mikono juu ya magoti, kama msichana anayesubiri kupigwa picha. Kipengele cha saba kilisema: "Naelewa kwamba utafiti huu hautanitibu." Mlishaji akakiruka. Akasoma cha nane, kinachohusu namna ya kuhifadhi sampuli, akakisoma kwa sauti nzuri kabisa. Kisha akashika kidole cha Mama akakiweka penye mstari, na Mama akatia saini.

Hakukusudia hila. Alimwonea huruma, ila huruma yenyewe ilikuwa ya kivivu, ya kusukuma jambo mbele ili leo ipite kwa amani. Alijiambia atakirudia kesho. Kesho ikazaa kesho nyingine, mwaka ukapita, na kila Mama alipouliza leza imefikia wapi, yeye alijibu kwamba wanaendelea. Kweli walikuwa wanaendelea. Wiki iliyopita, mdomo ukiwa umejaa chakula, alitamka kwamba Jumatano wataanza kupiga leza seli za Mama. Aliuona uso wa mwanamke yule ukichanua, akajua hasa kilichoeleweka, akameza tonge.

Sasa Kinyozi alinyoosha mgongo, akachomoa barua iliyokuwa chini ya redio tangu mwezi uliopita. Ilitoka chuo cha watu wasioona. Walikuwa wamempa Mama nafasi katika kozi ya miezi mitatu: kutembea kwa fimbo, kusoma kwa vidole, kupika bila kujiunguza, kushona kwa kupapasa. Mwisho wa kujiandikisha ni Ijumaa hii, saa sita mchana. Baada ya hapo nafasi inakwenda kwa mwingine, na waliokuwa kwenye orodha ya kusubiri wangejaza ukumbi.

"Nikajifunze fimbo leo, Jumatano nianze kuona, halafu fimbo niifanyie nini?" Mama akasema. "Niangulie mapapai?"

Kinyozi akacheka, ingawa hakutaka. Akamgeukia mkewe kwa macho ya kuomba msaada, na mkewe akasema ataongea na Mama. Alisema hivyo akiutazama mchele.

Alijaribu, asisingiziwe. Jumatatu alimkuta Mama kibarazani akimgawia fundi viatu wa jirani kile kioo chake kikubwa cha kukuzia maandishi, kwa vile yeye hatakihitaji tena. Fundi viatu alimshika Mlishaji mkono kwa mikono miwili, akamshukuru kwa niaba ya mtaa. Jumanne alitoka na hotuba nzima kichwani, lakini mwenye duka alimzuia njiani akitaka ajue kama leza hiyo inatibu na migongo. Usiku alimweleza mumewe ukweli wote, hata habari ya kile kipengele. Kinyozi aliketi kitandani.

"Nitamnyoa bure maisha yake yote," alisema, "mtu yeyote atakayemwambia Mama maneno hayo, ilimradi asiwe mimi."

"Hata mimi?"

"Wewe hasa."

*

Jumatano Mlishaji aliondoka mapema. Alikuwa amepata dawa ya muda: jioni angerudi aseme kwamba leza imeahirishwa. Saa nne na robo mlinzi wa getini akapiga simu maabara, akasema kuna mgeni wake, tena amependeza kweli.

Chumba cha leza kilikuwa na desturi zake. Kila aingiaye huvua viatu na kuvaa ndara za bluu, kwa kuwa vumbi ni adui. Na kabla leza haijapigwa, anayeipiga husema kwa sauti, "Macho," na wote waliomo huvaa miwani ya kinga na kuitikia, "Tayari." Hata Profesa akiwa peke yake alisema "Macho" na kujiitikia mwenyewe. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye haraka, anayesahau kula, na alifurahi sana kuona mtoa sampuli amekuja kutembelea. Alisema ni watu wachache wanaokumbuka kurudi.

Mama alisimama katikati ya chumba na gauni lake la vifungo kumi na viwili na ndara zilizomzidi. Kinyozi, aliyefunga kibanda chake siku hiyo, alimshika kiwiko huku akitazama dari. Mama alizungusha kichwa polepole, akikipitisha chumba ndani ya duara lake kipande kwa kipande: meza nzito ya chuma, vioo, waya, hadubini.

"Nilale wapi?" akauliza.

Profesa naye akatazama huku na huko, kana kwamba huenda kulikuwa na kitanda asichowahi kukiona. Kisha akamtazama Mlishaji, na haikumchukua muda kuelewa. Alikwenda kwenye kabati la mafaili, akarudi na fomu, akaifungua ukurasa wa pili, akaiweka mbele ya fundi wake.

"Msomee cha saba," akasema.

Mlishaji alikuwa amesoma mambo mengi kwa sauti katika chumba kile, namba na tarehe na vipimo. Sasa alisoma sentensi yenye maneno matano, akashusha karatasi.

"Hicho hukunisomea," Mama akasema.

"Sikukusomea, Mama."

"Kwa nini?"

"Ulikuwa unatabasamu."

Mkono wa Mama ulipanda kwenye gauni, ukaanza kugusa vifungo, kimoja kimoja, kutoka juu. Kinyozi aliita jina la Mungu kimoyomoyo. Mkono ulipofika cha kumi na mbili ulikaa hapo.

"Sasa ngozi yangu mnaifanya nini humu?" akauliza. Swali hilo alilielekeza kwa Profesa.

Profesa alikuwa na kipaji kimoja kikubwa: hakujua kuficha mambo. Alimwambia kwamba kila seli yake ina kitabu cha maelekezo, na ndani ya kitabu hicho ukurasa mmoja umeharibika, akaurithi hivyo. Wao wana ukurasa mzima, ndiyo jeni, lakini seli ina utando wake wa nje, haimkaribishi mgeni. Basi wanaimwagia seli maji yenye ule ukurasa, kisha leza inapiga nukta moja kwenye utando kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Tundu linafunguka, maji yanaingia na ukurasa wake, tundu linajifunga. Moja baada ya nyingine, kwa mkono. Pamoja na ukurasa huo wanaingiza jeni nyingine ya kung'aa, ili kesho yake waone ni seli zipi zimepokea mzigo: zile zitawaka kijani.

"Na kutoka hapo hadi kwenye jicho la mtu?"

"Miaka kumi. Labda zaidi. Labda tusifike."

"Kutoboa tundu na kulimaliza lisifumuke," Mama akasema taratibu. "Hiyo kazi naijua."

Profesa akamweleza na lililobaki. Kwa kuwa hakusomewa fomu yote, ridhaa yake haikuwa ridhaa. Seli zilizo kwenye baridi zitakaa zilivyo mpaka yeye aamue, na akikataa zitateketezwa. Kisahani kilichoandaliwa leo hakiwezi kuingia kwenye hesabu za utafiti. Ni cha kutupa, au cha kufanyia mazoezi kama mwenyewe ataruhusu. Na fundi wake naye ataandikiwa barua, hilo halina mjadala. Mlishaji alikubali kwa kichwa.

"Basi tufanye mazoezi," Mama akasema.

Wakamkalisha. Profesa alimrekebishia kiti, akamwonyesha pa kuweka macho, akamhakikishia kwamba hadubini ina kioo chake cha kuzuia mwale. Mama aliinama, akatulia. Alitulia muda mrefu hadi Kinyozi akaanza kuwa na wasiwasi. Mlishaji peke yake ndiye aliyeelewa, na machozi yakamjia bila kutarajia. Hadubini humpa kila mtu duara, na nje ya duara hakuna kitu. Profesa mwenyewe haoni zaidi ya hapo. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, kitu kizima kilikuwa kimemuenea Mama machoni.

"Zimelala," Mama akasema. "Ndefu ndefu. Kumbe ndivyo nilivyo."

Akaonyeshwa gurudumu la kusogeza kisahani, ili aweke seli chini ya alama ya msalaba. Akauliza wanapigia wapi. Profesa akamwambia kuna pedali chini, mguu wa kulia. Mama aliitafuta kwa ndara, akaipata, akaipima uzito wake kidogo kidogo kama alivyozoea kupima ya cherehani, na uso wake ukalegea. Mtu huyu alikuwa amekanyaga pedali miaka arobaini.

"Anayepiga ndiye anayetangaza," Profesa akamkumbusha.

"Macho," akasema Mama.

"Tayari," wakaitikia watatu, na Kinyozi, ambaye miwani ya kinga ilikuwa imemteleza hadi puani, aliitikia mara mbili.

Alipiga seli arobaini. Hakuharakisha. Alisogeza, akapima, akakanyaga, akasogeza. Profesa alisimama nyuma yake akiwa ameacha kuzungumza, jambo ambalo maabara ile haikuwa na kumbukumbu yake. Mama alipomaliza aliinuka, akamshukuru mwenyeji, akamshika mwanawe mkono, akatoka. Alimpita mkwewe kwa umbali wa kiganja. Hakumkumba na wala hakumgeukia.

*

Nyumbani Mama akanuna. Alikuwa na namna yake ya kununa: aliendelea kuzungumza kama kawaida, isipokuwa maneno ya mkwewe yote yalipitia kwa Kinyozi. Mwambie mkeo chumvi imezidi. Mwambie mkeo mwenye duka ameuliza matokeo, nimemjibu kwamba leza haitibu migongo wala macho, aache kupoteza muda. Kinyozi alikaa katikati ya watu wawili waliotazamana uso kwa uso, akarudia kila sentensi kwa heshima kama mkalimani wa mkutano. Alhamisi asubuhi Mama alikwenda mwenyewe kwa fundi viatu, mkono ukifuata ukuta, kukiomba kile kioo chake. Fundi viatu alikirudisha bila swali, akakifuta kwanza kwa shati lake. Mlishaji aliyaona yote hayo kutoka dirishani, na aibu ilimchoma kuliko angetukanwa.

Jioni alirudi kutoka kazini na barua ya onyo kwenye mkoba na picha kwenye simu. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye kochi, akapiga moyo konde.

"Mama, nimekuja kukuomba radhi, sitaki Kinyozi anisemee. Nilikuficha kwa sababu nilipenda kukuona una furaha, na nilipenda kuwa mimi ndiye niliyeileta. Nilikosa."

Kinyozi, aliyekuwa ameshafungua mdomo ili atafsiri, akaufunga.

"Unajua kilichoniuma?" Mama akasema, na alimwambia yeye. "Si macho. Macho nimekaa nayo. Kilichoniuma ni kwamba mwaka mzima nilitembea mtaani nikijisifu, na mtu mmoja nyumbani mwangu alikuwa anajua kwamba najiaibisha, akanipakulia chakula."

Mlishaji akampa simu. Mama aliisogeza mbele ya uso, kushoto kidogo, juu kidogo, mpaka ikaingia kwenye duara. Katika weusi wa picha kulikuwa na vijiti vya kijani vinavyong'aa, kila kimoja kimelala kivyake. Mlishaji alisema ni kumi na tisa katika arobaini, na kwamba Profesa siku zake nzuri hupata kumi na tano. Profesa amebandika namba hiyo ukutani, ingawa haihesabiwi popote.

Mama alizitazama moja moja. Alitaka kujua kama zile ni zake kweli, si za mtu mwingine. Akaambiwa ni zake.

"Miaka kumi nitakuwa na sabini na nne."

"Ndiyo, Mama."

"Na hili duara halitangoja."

Hapo ndipo Mlishaji alipotaka kuitikia "tutaona," kama alivyozoea. Neno lilikuwa limeshafika ulimini. "Halitangoja," akasema. "Daktari wa macho alisema miaka mitatu, minne."

Mama alirudisha simu, akaomba apelekewe chai. Hakusema apelekewe na nani. Mlishaji akaenda kuichemsha.

*

Ijumaa saa tano Mama alitoka chumbani amevaa gauni la vifungo kumi na viwili. Kinyozi alisema kwa uangalifu kwamba hiyo ni nguo ya sherehe. Mama akamjibu kwamba imeshashonwa, alitaka ailaze sandukuni mpaka lini?

Ofisi ya chuo ilikuwa chumba kimoja chenye feni bovu na karani mwenye mafua. Kwenye benchi walikaa watu watatu wa orodha ya kusubiri, wakisikiliza saa ya ukutani kwa matumaini. Karani aliangalia jina, akaangalia saa, akasema ilibaki robo saa tu, na akauliza kwa nini mtu aliyepata nafasi mwezi mzima uliopita anakuja dakika za mwisho. Fomu ilikuwa na sehemu ya kujaza sababu.

"Andika nilikuwa nasubiri kitu," Mama akasema. "Nimekiona. Ni kizuri, ila kiko mbali."

Karani akapiga chafya, akaandika "dharura ya kifamilia," akasukuma fomu na kalamu mezani. Ilikuwa kurasa mbili. Akanyoosha kidole chini ya ukurasa wa mwisho, akasema mama atie saini hapo tu, yaliyobaki ni mambo ya kawaida.

Mama hakushika kalamu. Aligeuza kichwa hadi uso wa mkwewe ukakaa katikati ya duara lake, akaukagua kama alivyozikagua seli. Kisha akatafuta mkono wake juu ya meza, akaupata, akauvuta hadi kwenye karatasi.

"Nisomee," akasema. "Yote."

Mlishaji akaanza. Alisoma jina la chuo na namba ya sanduku la barua. Alisoma kipengele cha kwanza na cha pili, kuhusu saa za kuingia. Alisoma cha tatu, kuhusu chakula cha mchana. Cha nne kilikuwa kifupi, na alikiona kabla hajakifikia. Alimtupia jicho Mama. Mama hakuwa akitabasamu wala hakuwa amenuna, alikuwa akisikiliza.

"Mwanafunzi anatambua," Mlishaji akasoma, "kwamba mafunzo haya hayarudishi uwezo wa kuona."

"Endelea," Mama akasema.

Akaendelea. Dakika tano kabla ya saa sita alikuwa kwenye ukurasa wa pili, karani akipumua kwa mdomo, watu wa benchi wakiwa wameinama mbele. Alisoma kuhusu fimbo zinazopotea. Alisoma kuhusu likizo. Alipomaliza kipengele cha mwisho Mama bado hakuichukua kalamu, kwa hiyo akashuka hadi maandishi madogo ya chini kabisa, akamsomea na jina la kiwanda kilichochapisha ile fomu. Ndipo Mama akatoa kidole chake, akamkabidhi akiweke penye mstari.